Kupima uhifadhi wa momenta kwa reli ya hewa iliyo mbali: mwongozo kwa walimu na wanafunzi wa Mwanza

Reli ya hewa, yaani reli inayopuliza hewa ili vigari vielee juu yake bila kusuguana sana, ni kifaa ghali, na shule nyingi za huku Kanda ya Ziwa hazina. Hata hivyo unaweza kuitumia iliyowekwa kwenye maabara ya chuo cha nchi nyingine. Unafungua ukurasa kwenye kivinjari, unakiona kigari kupitia kamera, unabonyeza kitufe, kigari halisi kinakwenda, na malango ya mwanga (vihisi vyenye mwale ambao kigari kinaukata kikipita) yanakuletea muda kiliotumia kupita.

Usiichanganye na programu ya kuiga. Collision Lab ya PhET, iliyotengenezwa University of Colorado Boulder, ni nzuri kwa kujizoeza siku moja kabla, na unaweza kuipakua ukaitumia bila intaneti. Lakini majibu yake yamepikwa kwa kanuni ileile unayotaka kuipima, kwa hiyo yatalingana tu. Reli halisi ina msuguano kidogo, imeinama kidogo, na vibendera vilivyo juu ya vigari vyake havikukatwa kwa wembe mmoja. Momenta (tungamo mara spidi, mwelekeo ukiwemo) kabla na baada ya mgongano hazitalingana hadi tarakimu ya mwisho, na somo lenyewe liko hapo: tofauti ni kubwa kiasi gani, na imetoka wapi?

Zamu, bando na umeme

Zamu ya kutumia kifaa huwa fupi, mara nyingi chini ya nusu saa, na mtu anayedhibiti ni mmoja kwa wakati mmoja. Maabara nyingi huandika muda kwa UTC, saa ya rejea ya kimataifa. Mwanza iko saa 3 mbele ya UTC mwaka mzima. Zamu ya 08:30 UTC kwetu ni 11:30, yaani saa tano na nusu asubuhi. Anayeisoma "saa nane na nusu" akaja mchana atakuta zamu imeshapita saa tatu nzima. Kama maabara iko Ujerumani au Hispania na inaandika saa za kwao, tuko mbele yao kwa saa 2 wakati wa baridi na saa 1 wakati wa kiangazi. Wao hubadili saa zao Jumapili ya mwisho ya Machi na Jumapili ya mwisho ya Oktoba, kwa hiyo zamu uliyoipanga Machi kwa wiki za Aprili ihesabu upya.

Tumia laptopu moja na projekta. Wanafunzi arobaini kila mmoja na simu yake ni kumaliza bando bila faida, kwa sababu anayebonyeza ni mmoja tu. Picha ya kilobiti 300 kwa sekunde hula takriban MB 45 kwa dakika 20. Ikipanda hadi megabiti 1, ni MB 150. Ukurasa ukikuruhusu kushusha ubora wa picha, ushushe. Unachohitaji kuona ni vigari vimeelekea wapi na kama vimenasana.

Simu inayotoa intaneti iunganishe na laptopu kwa waya wa USB. Hotspoti ya hewani hukatika mtu akipokea simu au akitoka nayo nje. Iweke dirishani. Kwa mji wenye miamba kama wetu, darasa lililo nyuma ya kilima huweza kupata mtandao upande mmoja na kukosa kabisa upande wa pili, kwa hiyo pima mahali utakapokaa, saa uleule wa siku utakaotumia. Laptopu iwe imejaa chaji. Projekta ikizimika kwa umeme kukatika, kazi inaendelea. Namba zikipotea, zamu imekwenda bure.

Karatasi ya kurekodi ichapwe mapema, na kila mtu awe na kazi yake: mmoja anadhibiti, mmoja anasoma muda kwa sauti, wawili wanaandika kila mmoja kivyake, na mmoja hafanyi lolote isipokuwa kutazama mwelekeo wa kila kigari na kuandika kulia au kushoto. Huyu wa mwisho ndiye muhimu kuliko wote, kama itakavyoonekana mbele.

Kifaa kilivyo

Reli ni bomba lenye matundu madogo yanayopuliza hewa, kwa kawaida la urefu wa mita 1.5 hadi 2. Vigari viwili vinaelea juu yake. Juu ya kila kigari kuna kibendera, tuseme cha sentimita 10, ambacho kikipita langoni kinakata mwale wa mwanga. Lango hupima muda mwale ulipokuwa umekatwa, t, na wewe unapata spidi kwa kugawanya upana wa kibendera, d, kwa muda huo:

v = d ÷ t

Kigari 1 husukumwa na kirushio kutoka kushoto, kinapita Lango A, kinakigonga Kigari 2 kilichosimama kati ya malango, kisha Kigari 2 kinapita Lango B. Ncha za vigari zinabadilishwa: springi au sumaku zinazosukumana kwa mgongano nyumbufu (wa kudunda), velikro (utepe wa kunasa) kwa mgongano wa kunasana.

Kabla ya kubonyeza chochote, andika tungamo la kila kigari pamoja na kibendera chake na ncha yake. Maabara huorodhesha namba hizi kwenye ukurasa wa maelezo, na kosa la mara kwa mara ni kuchukua tungamo la kigari kitupu. Velikro na kibendera vikiwa gramu 10 juu ya kigari cha gramu 200, umeshakosea asilimia 5 kabla jaribio halijaanza.

Jaribu reli kwanza, bila mgongano

Dakika tatu za mwanzo zitumie kurusha Kigari 1 peke yake kipite malango yote mawili. Kama muda wa Lango A ni sekunde 0.200 na wa Lango B ni 0.202, spidi imeshuka kutoka mita 0.500 kwa sekunde hadi 0.495. Hiyo ni asilimia 1 iliyopotea njiani, na itakuwepo kwenye kila jaribio utakalofanya siku hiyo. Iandike juu ya karatasi.

Kama mfumo unaruhusu kurusha kutoka upande wa pili, rusha pia. Kigari kikipunguza spidi kinapokwenda kulia na kuongeza kinaporudi kushoto, reli imeinama. Mwinamo mdogo tu unatosha kuharibu majibu. Milimita 1 kwa kila mita inazaa mchapuko wa takriban 0.01 m/s². Kwa kigari cha 0.5 m/s kilichosafiri sentimita 40, spidi inabadilika kwa asilimia 1.5 hivi; kwa kigari cha 0.3 m/s inabadilika kwa zaidi ya asilimia 4. Kwa hiyo ukipewa nafasi ya kuchagua nguvu ya kirushio, usichague ndogo kabisa ukidhani utulivu ndio usahihi. Wala usichague kubwa kabisa: vigari vikigongana kwa kishindo huinuka kwenye reli, vinasugua chuma, na kwa velikro vinaweza kudunda badala ya kushikana. Spidi za kati ya 0.3 na 0.6 m/s huwa zinafaa.

Anza na mgongano wa kunasana

Huu ndio rahisi kusoma, kwa sababu baada ya mgongano kuna mwili mmoja na spidi moja. Tuchukue mfano: Kigari 1 kilo 0.205, Kigari 2 kilo 0.203 kimesimama, vibendera vya mita 0.100. Lango A linaonyesha sekunde 0.182, Lango B linaonyesha 0.369.

Kabla: v = 0.100 ÷ 0.182 = 0.549 m/s, na momenta = 0.205 × 0.549 = 0.1126 kg·m/s.

Baada: v = 0.100 ÷ 0.369 = 0.271 m/s, na momenta = 0.408 × 0.271 = 0.1106 kg·m/s.

Tofauti ni 0.0020, yaani asilimia 1.8. Je, momenta imehifadhiwa? Usijibu ndiyo kwa kuwa kitabu kimesema. Hesabu shaka ya vipimo, yaani kiasi ambacho kila kipimo kinaweza kuwa kimekosea. Saa inayosoma milisekunde moja ina shaka ya asilimia 0.5 kwa muda wa 0.182 na asilimia 0.3 kwa 0.369. Mizani ya gramu moja inaongeza kama asilimia 0.4 kwenye uwiano wa tungamo. Ukizijumlisha tu, unapata 1.2. Bado 1.8 haijaenea. Ongeza ile asilimia 1 ya msuguano uliyoipima mwanzo, na sasa tofauti imepata maelezo. Mwanafunzi aliyeruka jaribio la mwanzo hapa hana la kusema, ataishia kuandika "makosa ya kibinadamu", maneno ambayo mwalimu yeyote makini atayakata kwa wino mwekundu.

Vigari vilivyonasana vina vibendera viwili, na vyote vitapita Lango B, hivyo utapata namba mbili. Tumia ya kwanza. Ya pili usiitupe: ikikaribiana sana na ya kwanza, velikro imeshika vizuri. Ikiwa ndefu kwa asilimia kadhaa, ama msuguano ni mkubwa ama vigari vinatikisika vikiwa vimeshikana, na jaribio hilo lirudiwe.

Kisha hesabu nishati mwendo, ½mv². Kabla ni jouli 0.0309, baada ni 0.0150. Zaidi ya nusu imetoweka kwenye velikro kama joto na sauti, wakati momenta ni kama haikuguswa. Nadharia inasema sehemu inayobaki ni m₁ ÷ (m₁ + m₂), ambayo hapa ni 0.50, kipimo kimetoa 0.48. Wanafunzi wengi huamini kwamba nishati ikipotea, momenta nayo lazima ipungue. Namba hizi mbili zikiwekwa ubaoni sambamba zinafanya kazi kuliko maelezo marefu.

Mgongano nyumbufu na suala la alama

Ongeza gramu 200 kwenye Kigari 2 ili kiwe kilo 0.403, weka ncha za springi, na kiache kimesimama. Kigari 1 cha kilo 0.205 kitadunda na kurudi kilikotoka. Orodha ya muda inaweza kusomeka hivi:

Lango A: 0.200, 0.640, 0.702
Lango B: 0.303, 0.315

Usomaji wa kwanza wa A ni Kigari 1 kinakwenda. Wa pili ni kigari hichohicho kinarudi. Wa tatu kimeshagonga mwisho wa reli na kurudi tena, hautuhusu. Kwenye B, wa kwanza tu ndio wetu. Orodha haikuambii lolote kati ya haya. Lango linajua mwale umekatwa kwa muda gani, halijui umekatwa kutoka upande upi. Ndiyo maana tulimweka mtu wa kutazama mwelekeo.

Chagua kulia kuwa chanya, kisha:

Kabla: 0.205 × (+0.500) = +0.1025

Baada: 0.205 × (−0.156) + 0.403 × (+0.330) = −0.0320 + 0.1330 = +0.1010

Tofauti ni asilimia 1.5. Sasa sahau ile alama ya kutoa: 0.0320 + 0.1330 = 0.1650, na momenta imeongezeka kwa asilimia 61 kutoka hewani. Ukiona momenta yako imepanda baada ya mgongano, usihangaike na msuguano. Msuguano hauongezi kitu. Rudi kwenye alama.

Waliokosea hapa wana wenzao wakubwa. René Descartes mwaka 1644 alihesabu "kiasi cha mwendo" kwa kuzidisha ukubwa na spidi bila kujali mwelekeo, na sheria zake nyingi za migongano zikaangushwa na vipimo. Kati ya 1668 na 1669 John Wallis, Christopher Wren na Christiaan Huygens waliwasilisha kanuni zao kwa Royal Society ya London, Wallis akishughulikia miili isiyodunda, Wren na Huygens ile inayodunda. Mwelekeo ukaingia kwenye hesabu na haujatoka tena.

Nishati mwendo hapa: kabla jouli 0.0256, baada 0.0245, yaani asilimia 95 imebaki. Springi si kamilifu. Ukigawanya spidi ya kuachana kwa spidi ya kukaribiana, (0.330 + 0.156) ÷ 0.500, unapata 0.97, nyumbufu kamili ingetoa 1.

Ukifanya jaribio hili kwa vigari vya tungamo sawa, Lango A linaweza lisiwe na usomaji wa pili kabisa. Kifaa hakijaharibika: Kigari 1 kimesimama, momenta yake yote imekwenda kwa cha pili. Lakini kigari kilichosimama juu ya hewa hakitulii. Reli ikiinama kidogo kitaanza kujikokota, na baada ya sekunde kadhaa kitaingia langoni na kuandika namba ndefu, tuseme 2.9, ambayo mtu mwenye haraka ataiweka kwenye hesabu. Muda mrefu kupita kiasi usiandikwe kabla ya kuangalia picha.

Mengine yanayoharibu majibu

Kubwa kuliko yote ni mgongano kutokea ndani ya lango. Kibendera kiko katikati ya mgongo wa kigari, na ncha iko mbele yake. Ncha ikigusa kigari cha pili kabla ukingo wa nyuma wa kibendera haujatoka kwenye mwale, muda uliorekodiwa umechanganya spidi mbili na haufai kwa lolote. Kabla ya kurusha, hakikisha Kigari 2 kiko mbali na Lango A kuliko nusu ya urefu wa kigari na nusu ya upana wa kibendera, ukiongeza na sentimita chache za usalama. Lakini usikisogeze mbali mno, maana kila sentimita kati ya lango na mgongano ni nafasi ya msuguano kufanya kazi bila kupimwa.

Kigari 2 kilichotikiswa na hewa wakati wa kuanza ni tatizo la pili. Umeandika sifuri, kumbe kinatambaa. Washa pampu, subiri, tazama picha mpaka kitulie, ndipo urushe.

Upana wa kibendera una tabia ya kushangaza kidogo. Kama vibendera vyote viwili ni vya upana mmoja, kosa katika upana huo halibadilishi jibu la uhifadhi, kwa sababu linazidisha momenta ya kabla na ya baada kwa kiasi kilekile. Vikitofautiana, kila kigari kinahitaji d yake. Nishati kwa jouli ndiyo itakayoumia kwa vyovyote, tena mara mbili, maana spidi imepigiwa mraba.

Picha inayochelewa haiharibu kipimo. Muda wa malango unapimwa kulekule kilipo kifaa, kisha unatumwa kama namba. Mtandao ukisuasua sekunde tatu, 0.200 inabaki 0.200. Hatari ni kidole chako. Umebonyeza, huoni kitu, unabonyeza tena, na amri mbili zinafika kwa pamoja. Bonyeza mara moja, hesabu hadi kumi.

Kwa sababu hiyohiyo, usipime spidi kwa kuhesabu fremu za picha ya moja kwa moja. Kwa fremu 30 kila sekunde, kigari cha 0.5 m/s kinasogea sentimita 1.7 kati ya fremu na fremu, na mtandao ukidondosha fremu hutajua ni zipi. Kama maabara inakupa video iliyorekodiwa kulekule, hiyo unaweza kuiingiza kwenye Tracker, programu ya bure, na kupata grafu nzuri ya mahali dhidi ya muda.

Fanya kila mgongano mara tano kama zamu inatosha, na uhesabu kila jaribio peke yake kabla ya kutafuta wastani. Kuchukua wastani wa muda kwanza ni kosa, kwa sababu kirushio hakitoi spidi ileile kila mara. Namba zikiingia, ziandike kwenye lahajedwali na kwenye karatasi hapohapo. Zamu ikiisha, kurasa nyingi hujifunga na orodha hufutika.

Jaribio la kusukumana

Zikibaki dakika chache, weka vigari vyote viwili vimesimama na springi iliyobanwa kati yao, kisha iachie. Ndicho kinachotokea Mwaloni Kirumba mtu anaporuka kutoka kwenye mtumbwi mtupu: yeye anakwenda ukingoni, mtumbwi unarudi ziwani, na ulio mwepesi unarudi kwa kasi zaidi. Momenta ya mwanzo ni sifuri, kwa hiyo ya mwisho, alama zikiwemo, inapaswa kuwa sifuri.

Hapa usijaribu kutafuta asilimia ya tofauti kwa kugawanya na momenta ya mwanzo. Huwezi kugawanya kwa sifuri. Linganisha ukubwa wa momenta mbili za baada. Kigari cha 0.205 kikisoma 0.250 langoni, spidi yake ni 0.400 na momenta 0.0820. Kigari cha 0.403 kikisoma 0.494, spidi ni 0.202 na momenta 0.0816. Uwiano ni 0.995. Kisha, kama maabara inaruhusu, badilisha pande: kizito kiende kushoto. Uwiano ukiwa 0.97 upande mmoja na 1.03 upande mwingine, reli imeinama, na wastani wa hizo mbili uko karibu na ukweli kuliko kila moja peke yake.